BOMBO: MJI ULIOHESABU VIZAZI VYAKE KWA VITA

Ziko koo zihesabuzo vizazi vyake kwa mashamba yaliyolimwa, na nyingine kwa ng'ombe waliotolewa mahari. Wanubi wa Bombo, mji mdogo ulio takriban kilomita 35 kaskazini ya Kampala kwenye barabara kuu iendayo Gulu, waweza kuhesabu vizazi vyao kwa vita. Babu mkuu aliingia Uganda mwaka 1891 bunduki ikiwa begani. Mwanawe alipigana na Wajerumani katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Mjukuu alivuka bahari akapigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka 1944. Kitukuu alikimbia mwaka 1979, na alichookoa ni watoto na kile kilichoweza kubebwa kichwani. Na kilembwe ndiye anayeulizwa sasa na wazazi wake: je, nawe utavaa sare, au utashika kazi nyingine?

Hiyo ndiyo njia iliyopitwa, kwa tofauti za hapa na pale, na nyumba nyingi za mji huo. Yafaa ifuatwe hatua kwa hatua, kwa sababu nyumba ya askari au ya polisi, popote ilipo, ina maswali yaleyale ambayo nyumba za Bombo zimeyakabili kwa zaidi ya miaka mia moja.

ASKARI WALIOACHWA MWITUNI

Mwanzo wa ukoo huu si Bombo, wala si Uganda. Mwaka 1878 daktari mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Eduard Schnitzer, aliyejulikana zaidi kwa jina la Emin Pasha, alifanywa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini kabisa mwa Sudan, kwa niaba ya serikali ya Misri. Askari wake walikuwa watu wa makabila mengi: Wabari, Wamakaraka, Wadinka, Wakakwa na wengineo. Wengi wao waliingizwa jeshini bila hiari, baadhi baada ya kutekwa. Kambini walisilimu, wakajifunza Kiarabu cha askari, wakaoa wanawake wa kila kabila walilolipitia. Humo kambini ndimo kabila jipya lilimozaliwa, kabila ambalo baba zake walikutanishwa na amri ya gwaride kabla hawajakutanishwa na udugu.

Mwaka 1881 vita vya Mahdi viliwaka Sudan, na Januari 1885 mji wa Khartoum ukaanguka. Askari wa Ikweta wakakatikiwa na mawasiliano yote. Mwaka 1888 msafara wa Stanley ukamfikia Emin, na mwaka uliofuata ukaondoka naye kuelekea pwani. Wengi wa askari walibaki nyuma. Baadhi yao, chini ya Selim Bey, walikaa Kavalli, karibu na pwani ya kusini-magharibi ya Ziwa Albert. Hawakuwa na mshahara, wala barua, wala serikali iliyowakumbuka. Walipanda chakula, wakalima pamba na kufuma nguo zao, huku bendera ya Misri ikiendelea kupandishwa.

Septemba 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alifika Kavalli akitafuta askari. Selim Bey hakukubali upesi. Alisema kwamba yeye ni askari wa Khedive wa Misri, na hawezi kuitumikia bendera nyingine bila ruhusa ya mkuu wake. Baada ya mashauri walipatana kwamba ruhusa hiyo iombwe. Msafara ulipoondoka, wenye bunduki walikuwa kama 600, lakini idadi ya watu wote, yaani wake, watoto, wazee na watumishi, ilizidi 8,000. Maana yake, nyuma ya kila bunduki moja palikuwa na roho zaidi ya kumi zilizotegemea posho yake.

Hesabu hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote inayofuata. Waingereza walidhani wamejipatia jeshi. Kwa hakika walikuwa wamechukua mji mzima utembeao, ambao jeshi lilikuwa sehemu yake ndogo.

MISHAHARA MIDOGO NA WAKE WALIOACHWA NYUMA

Wanubi waliwekwa katika ngome za Toro na baadaye Bunyoro, wakapigana vita vya Waingereza dhidi ya Mfalme Kabalega. Wenyeji wa nchi hizo hawakusahau ukali wao, maana askari asiyelishwa vizuri hujilisha mwenyewe kutoka ghala la mkulima. Hivyo tangu siku za mwanzo ukoo huu ulivuna chuki ambayo mbegu yake ilipandwa na waliowatuma.

Mwaka 1893 Selim Bey alituhumiwa kula njama na Waislamu wa Buganda. Aliyemkamata alikuwa Kapteni Macdonald, aliyekaimu uongozi wa serikali wakati huo. Mzee yule, aliyekuwa mgonjwa tayari, alipelekwa uhamishoni kuelekea pwani, akafia njiani huko Naivasha. Askari wake walimeza uchungu, wakaendelea na kazi.

Uchungu huo ulitapikwa miaka minne baadaye. Mwaka 1897 wanajeshi hao walikuwa wametembezwa bila kupumzika kutoka Nandi hadi Buddu, ambako Kabaka Mwanga alikuwa ameasi, kisha wakarudishwa mashariki kuungana na msafara mpya ambao hata mwisho wake hawakuelezwa vizuri. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wapagazi wa pwani waliotembea nao, na mara nyingi ulichelewa kwa miezi. Tena waliambiwa waende safari ndefu bila ya jamaa zao. Na mkuu wa msafara huo alikuwa Macdonald yuleyule.

Karibu na Eldama Ravine, Septemba 1897, askari walikataa kuendelea. Walirudi nyuma hadi ngome ya Luba, Busoga, karibu na mahali ambapo Mto Nile hutoka ziwani. Meja Thruston, aliyekijua Kiarabu na kuwapenda askari wake, aliingia ngomeni akiamini kwamba watamsikiliza. Alitiwa kifungoni, na baada ya mapigano ya Oktoba 19 akauawa pamoja na Wazungu wengine wawili. Mapigano yaliendelea hadi mwaka 1898, na serikali ililazimika kuagiza askari kutoka India.

Kosa la kuua mateka halina utetezi. Lakini mzazi na mke wa askari watazame chanzo chake. Hawakuasi kwa kuogopa adui. Walikwisha kupigana na maadui wengi. Waliasi kwa sababu ya posho, kuchoka, na swali ambalo kila askari hujiuliza usiku akiwa mbali: waliobaki nyumbani wanakula nini, na nani anawalinda? Wala si wote walioasi. Wengi walibaki katika utii, na hivyo ndugu walijikuta upande huu na upande ule wa ukuta wa ngome. Kizazi cha kwanza kiliwaachia watoto wake urithi wa aina mbili kwa pamoja: sifa ya uaminifu na doa la maasi.

MJI PEMBENI YA KAMBI

Januari 1, 1902 majeshi ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki na ya Kati yaliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambalo wenyeji walilifupisha wakaliita Keya. Kikosi cha nne kilikuwa cha Uganda, na katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo makao yake yakawa Bombo. Pembeni ya kambi pakaota mji. Askari waliomaliza muda wao walijenga hapohapo, na watoto wa kiume wakakua wakiisikia tarumbeta kabla ya kuisikia kengele ya shule.

Maisha ya mji huo yalikuwa na utaratibu wake. Nyumbani mama alisema Kinubi, lugha iliyochipuka kutoka Kiarabu cha kambini. Kwenye gwaride baba alipewa amri kwa Kiswahili. Sokoni mtoto alinunua na kuuza kwa Kiganda. Hata neno "afande", ambalo kila kuruta hulitamka leo mara nyingi kwa siku bila kujiuliza limetoka wapi, lina asili ya Kituruki, likapita katika jeshi la Misri na Sudan kabla ya kufika katika kambi za Afrika ya Mashariki.

Wanawake ndio walioufanya mji uwe mji. Askari alihamishwa, alikufa, au alirudi amepoteza mguu, lakini mke alibaki na moto wake jikoni. Walisuka mikeka, makapu na vifuniko vya vyakula vyenye rangi kali, kazi ambayo imewapatia Wanubi jina zuri Uganda nzima. Katika harusi walivaa gurbaba na kucheza doluka, na humo katika nyimbo na vigelegele mabinti wa Kitoro, Kinyoro, Kiganda na Kilendu walioolewa mjini walifanywa kuwa Wanubi. Baba alileta mshahara. Mama alileta kabila.

Kizazi cha pili kilikwenda Vita Kuu vya 1914. Kilipigana mpakani kwenye Mto Kagera, kisha ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania bara, kikimfuata Jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye hakuweka silaha chini mpaka Novemba 25, 1918 huko Abercorn, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Kizazi cha tatu kilikwenda Vita vya Pili: Ethiopia mwaka 1941, na Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya Asia, matope na malaria.

Waliorudi walirudi na medali. Lakini mji waliourudia ulikuwa na jambo lisilosemwa. Ardhi waliyokaa ilikuwa pembezoni mwa kambi, katikati ya nchi ya Buganda, na nyumba nyingi hazikuwa na hati yoyote. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa watu wake ilipotaka askari, na kuwa wageni walipouliza habari ya shamba. Kwa majirani wao walikuwa watu wa serikali. Kwa serikali walikuwa watu wasio na kwao. Mtoto aliyezaliwa Bombo, ambaye babu yake alizikwa Bombo, angeweza bado kuulizwa: mtarudi kwenu lini?

SARE ILIPOGEUKA DOA

Uganda ilijitawala Oktoba 9, 1962. Januari 25, 1971 jeshi likatwaa madaraka chini ya Idi Amin, aliyekuwa ameingia Keya mwaka 1946. Amin alikuwa Mkakwa, na aliwakumbatia Wanubi kama jamaa zake. Ghafla vijana wa Bombo waliona milango ikifunguka: vyeo jeshini, polisi na katika usalama. Mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini, baadhi ya familia zilipewa maduka na nyumba za watu waliopewa siku 90 tu za kuondoka. Mwaka 1973 Kiswahili, lugha ya askari, kilitangazwa kuwa lugha ya taifa.

Haifai kuficha lililofuata. Katika miaka hiyo minane maelfu mengi ya Waganda waliuawa na vyombo ambavyo kazi yake ilikuwa kuwalinda, na miongoni mwa waliotumikia vyombo hivyo walikuwamo wana wa mji huu. Ni kweli pia kwamba wengi wa Wanubi hawakuua mtu. Walikuwa makarani, madereva, wauza nguo, wanawake wa makapu, na wazee wa Burma waliokuwa wakisubiri malipo yao ya uzeeni. Ndani ya nyumba moja aliweza kukaa kijana aliyerudi usiku na gari lisilo lake, na mama aliyeliona gari hilo asithubutu kuuliza. Ukimya wa mama huyo ulikuwa wa hofu, lakini watu wa nje waliuhesabu kuwa ridhaa.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Tanzania ilijibu, na pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni ikaingia Kampala Aprili 11, 1979. Barabara ya kwenda kaskazini hupita Bombo. Wakazi wake hawakungoja kuulizwa nani alifanya nini. Waliondoka kwa maelfu, kwa malori na kwa miguu, wakaelekea Nile ya Magharibi, na kutoka huko Sudan na Zaire; wengine walifika Kenya kwa jamaa zao wa Kibera, mtaa wa Nairobi ulioanzishwa na askari wa asili hiyohiyo.

Hapo ndipo msiba wa kurithishana sare ulipoonekana wazi. Kisasi hakikuchagua. Nyumba ya ofisa aliyetesa watu na nyumba ya ajuza aliyesuka mikeka maisha yake yote ziling'olewa mabati sawasawa. Lafudhi ya mtu na jina lake vilitosha kuwa ushahidi. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na mithali hiyo ikisemwa na hakimu huwa hukumu mbaya kupita zote.

MIAKA YA UKIMBIZINI NA KURUDI

Sudan kusini, nchi ambayo mababu waliondoka karibu karne moja kabla, wajukuu waliipokea kama wageni. Makabila ya mababu yalikuwapo, lakini wakimbizi walikuwa wamesahau lugha zake. Wanaume waliozoea mshahara wa mwezi walikaa bila kazi, na medali haikuweza kununua mtama. Kwa mara nyingine nyumba ilisimama juu ya mikono ya wanawake: ukindu, sindano, na biashara ndogondogo za chakula.

Wakati huo Bombo yenyewe haikupumzika. Februari 6, 1981 waasi wa Yoweri Museveni walishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaenea katika Luwero. Barabara ya Bombo ikawa mstari wa vizuizi, na vijiji vya pande zake vikabaki mafuvu na magugu. Wakulima wa Kiganda waliowaona Wanubi wakikimbia mwaka 1979, sasa walikimbia wao. Vita vile vilikwisha Kampala Januari 26, 1986.

Baada ya hapo familia zilianza kurudi, moja baada ya moja. Baadhi zilikuta kuta bila paa, na mti umeota chumbani. Nyingine zilikuta nyumba nzima, lakini ina watu wengine ndani. Mabishano ya viwanja yalikuwa marefu, na mwenye haki zaidi mara nyingi alikuwa ndiye asiye na karatasi, maana karatasi ziliungua au ziliachwa katika kukimbia. Lakini waliorudi na majirani waliowakuta walikuwa na jambo moja la kushirikiana: kila upande ulijua sasa maana ya kulala porini na mtoto.

Mwaka 1995 Katiba mpya ya Uganda iliorodhesha jamii za wenyeji zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi Februari 1, 1926. Katika orodha hiyo jina la Wanubi limo. Neno moja katika kitabu cha sheria lilijibu swali ambalo lilikuwa limeulizwa kwa zaidi ya miaka 100. Kenya jibu lilikuwa la polepole zaidi: mwaka 2017 ndipo Wanubi wa Kibera walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Na mwaka 2005 Kiswahili, lugha ambayo wengi Uganda waliiogopa kwa kuwa waliisikia mdomoni mwa askari mwenye bunduki, kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili.

YAHUSUYO NYUMBA ZA ASKARI

Bombo ingali mji wa jeshi. Makao makuu ya majeshi ya nchi kavu ya Uganda yapo hapo, na tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekwenda Somalia, wakiwaacha nyuma wake na watoto kama walivyowaacha wa kale. Kwa hiyo swali analoulizwa kilembwe wa Mnubi linaulizwa pia katika nyumba nyingine nyingi, na historia hii yaweza kusaidia katika kulijibu.

Kwanza, sare isiwe urithi wa lazima. Mtoto wa askari mwenye moyo wa uaskari na aende, apewe baraka. Lakini nyumba ambayo wana wake wote hula kutoka chungu kimoja cha serikali, siku serikali ikianguka hulala njaa kwa siku moja. Familia za Bombo zilizopata ahueni ukimbizini ni zile zilizokuwa na fundi, mshonaji au mwalimu ndani yake.

Pili, karatasi ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, namba ya jeshi ya baba, stakabadhi za kiwanja, na wosia viwe mahali pamoja panapojulikana na mke. Askari wengi huona ni mkosi kuandika wosia kabla ya safari ya vita. Mkosi wenyewe ni mjane anayesimama mbele ya dirisha la ofisi akiwa na picha ya marehemu peke yake.

Tatu, wazazi wawasimulie watoto mambo yote. Mzee apendaye kusimulia Burma na kunyamazia mwaka 1977 humwachia mwanawe deni asilolijua, na mtoto huyo atalidaiwa shuleni na wenzake. Mtoto aliyeambiwa ukweli anaweza kusimama na kusema: huyo alikosa, yule hakukosa, na mimi nitahesabiwa kwa matendo yangu. Na jirani, kwa upande wake, ampe nafasi ya kuyaonyesha matendo hayo.

Nne ni kwa wakubwa wa vikosi. Mwaka 1897 ofisa mwenye kipande cha karatasi alihesabu bunduki, akasahau kuhesabu vyungu. Askari atavumilia mvua, njaa na risasi. Asichoweza kuvumilia kwa muda mrefu ni kutojua hali ya nyumba yake. Mshahara ufikao kwa wakati, barua au simu ifikayo kambini, na nyumba bora kwa familia ni silaha za ulinzi kama zilivyo bunduki na mizinga.

Jioni askari akimaliza zamu hurudisha bunduki ghalani, akatia sahihi, akaondoka. Vita alivyopigana haviandikwi katika daftari lile wala havirudishwi. Huenda navyo nyumbani, na huko mkewe, mama yake na watoto wake huvipokea, kila mmoja sehemu yake. Bombo vimepokewa hivyo kwa vizazi vitano, na nyumba bado zimesimama.